Nyumba ya Siku Mbili

Achieng nyara, binti yangu,

Nakuandikia nikiwa kibandani, soko la Kibuye, saa kumi jioni, wewe ukiwa nyumbani Manyatta unakunja nguo. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la vipimo, kwa hiyo ukigeuza upande wa pili utakuta kiuno cha mwalimu mmoja wa hapa mjini. Usimcheke. Barua nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, ule niliokushonea zipu, na utaikuta ukifika kazini Lodwar, au njiani ukianza kutafuta biskuti.

Mambo ya maji ya kuchemsha, neti ya mbu na wanaume wa kuogopa, shangazi yako Auma ameyashughulikia tangu Jumapili na bado hajamaliza. Mimi sina la kuongeza. Wewe ndiwe uliyesomea kazi ya maabara. Nitakufundisha nini mimi kuhusu vijidudu?

Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelizunguka tangu tulipomzika Mama yako, mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa. Lakini kwanza nikueleze mimi ni mtu wa namna gani, kwa sababu umelelewa na mimi na bado hunijui.

Kibuye nzima inaijua kesho ya fundi. Watu huicheka, lakini hawajui inavyotengenezwa. Mteja akija na kitambaa, fundi hamwambii kwamba kazi imejaa. Ukimwambia hivyo, atatembea hatua nne aende kwa fundi wa pili. Kwa hiyo unakipokea kitambaa, unampima, halafu mbele ya macho yake unashika mkasi na kukata shingo. Shingo tu. Kitambaa kikishapita mkasi, mwenyewe hawezi kukipeleka kwingine. Ni wako. Sasa unaweza kumwambia, "Njoo kesho," na kesho yenyewe ikawa wiki sita.

Nilifundishwa hivyo na mzee aliyenipa kazi nikiwa kijana, nikawa hodari kumshinda. Rafu yangu ilijaa vitambaa vyenye shingo zilizokatwa na hakuna kingine. Nilivitazama nikajiona mtu mkubwa. Waliopita waliniona nimeinama kwenye cherehani tangu asubuhi, wakasema Fundi Odhiambo ni mtu wa kazi. Niliamini kwamba mtu asiye na nafasi ndiye mtu wa maana.

Mama yako hakuwa hivyo. Unakumbuka alivyoanika omena? Alikwenda Usenge, ziwani, akanunua dagaa hao wakiwa wabichi, alfajiri akawatandaza kwenye nyavu kuukuu ufuoni, kisha akaketi. Aliketi kabisa, miguu imenyooshwa, anaongea na wenzake au haongei. Siku moja nilimkuta hivyo nikamwuliza kwa nini anapoteza muda.

"Yangu nimemaliza," aliniambia. "Saa hii ni jua ndio iko kwa kazi."

Wingu likija, alikuwa wa kwanza kusimama. Aliwakusanya omena wote kabla tone la kwanza halijaanguka, wala hakulalamika. Likipita, alitandaza tena, akaketi tena. Mimi nilimwona mvivu. Niliwahi hata kumtania mbele ya watu kwamba nyar Alego huyu, binti wa watu wa Alego, analipwa kwa kukaa. Alicheka. Yeye alikuwa na uwezo wa kucheka.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakulicheka. Kwetu ni pale pale karibu na Usenge, lakini akienda kununua omena hakuwa na pa kulala. Unaijua mila yetu: mke wa mtu halali katika nyumba ya wakwe zake. Anatakiwa awe na nyumba yake ndani ya boma. Nyumba hiyo hujengwa na mume, na mume ni mimi. Basi alilala kwa mjane mmoja jirani, kwenye mkeka, pamoja na ndoo zake za omena. Miaka ishirini mke wangu aliomba mahali pa kulala nyumbani kwangu.

Aliniuliza kila Krismasi. "Baba Achieng, hii nyumba tutajenga lini?" Nami nilijibu kwamba nimalize kwanza sare za shule za Januari. Baada ya hapo zilikuja kanzu za kwaya za Pasaka, baadaye harusi za Agosti, baadaye Desemba ikarudi. Mwaka wa fundi hauna pengo. Nilimkatia shingo ya ile nyumba, nikamwambia njoo kesho.

Mwaka mmoja, wewe ukiwa darasa la tatu, alivua viatu pale bomani, kati ya zizi na ua, akaanza kuipima nyumba kwa nyayo. Wewe ulimfuata nyuma umemshikia ndara zake. Hapa kitanda, alisema. Hapa meza. Alipofika mahali fulani akasimama, akanyoosha mkono. "Na hapa dirisha. Baba Achieng, kuja uone."

"Naona," nilisema. Sikuwa naona. Nilikuwa kwenye simu, nikimweleza mteja kuhusu kesho.

Siku alipofariki hujawahi kunisikia nikiisimulia yote. Alianguka kwenye meza yake ya omena, upande wa pili wa soko hili hili. Ilikuwa presha. Wewe ulikuwa chuoni. Nilipigiwa simu nikiwa nashona kola ya shati. Niliisikiliza ile simu hadi mwisho, nikaiweka chini, nikaimalizia kola. Nilikata uzi. Ndipo nikasimama. Nilipofika alikuwa bado anapumua, alinitazama, na kabla jua halijatua hakuwepo tena. Sijui kwa nini niliimaliza ile kola.

Baba yako mdogo Omondi alinipigia usiku ule ule kuulizia mazishi. Nikamwambia tutamleta Ijumaa tumzike Jumamosi.

"Jaduong', mzee wangu, sasa atalala wapi?" aliuliza. "Mwili ya bibi yako haiwezi lala kwa nyumba ya Baba. Lazima akuwe na yake."

"Omondi, wiki hii hii? Nani atajenga, na lini?"

"Wewe wacha. Siku mbili inatosha."

Ni kweli, zilitosha. Jumatano asubuhi nguzo zilichimbiwa. Alhamisi jioni bati la mwisho lilipigiliwa misumari. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikawatazama. Hakuna aliyenituma chochote, kwa kuwa mfiwa hatumwi. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu mikono yangu haikuwa na kazi, na nyumba niliyoikosea nafasi kwa miaka ishirini ilikuwa inasimama mbele yangu, watu wanapiga soga, mmoja anapiga mluzi. Kulikuwa na wakati wa chai. Kulikuwa hata na wakati wa kuzozana kuhusu timu za mpira.

Adhuhuri ya Alhamisi seremala alinijia. "Mzee, dirisha tuweke side gani?"

Nilijua kwamba nilishaambiwa. Nilijua kuna mahali Mama yako alisimama akanyoosha mkono. Nikajaribu kumwona, nikaona simu yangu tu.

"Popote," nilimjibu.

Wakaliweka upande wa barabara, kwa sababu ndiko walikokuwa wamesimama.

Sasa nimefika kwenye lile jambo. Jioni ile ile, nyumba imekwisha, watu wameketi nje, Auma alisema kwa sauti, vile unavyomjua: "Odhiambo, si utuambie. Huyu nyar Alego amekaa kwa hii boma miaka yote hiyo. Kwani nyumba ilikuwa ngumu aje?"

Wazee walikuwepo. Ndugu za Mama yako kutoka Alego walikuwepo, na walikuwa wananitazama.

Nikasema: "Ni yeye alikataa. Alisema nyumba ingojee, Achieng amalize shule kwanza."

Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya Auma na sinia ya vikombe. Nilikuona. Ulisikia, kisha ukaendelea kugawa chai, ukanipa kikombe changu kwa mikono miwili, ukapiga goti kidogo kama Mama yako alivyokufunza. Nilikinywa.

Achieng, Mama yako hakusema hivyo hata siku moja. Nilimtwika maneno hayo akiwa mochari, hawezi kujibu, kwa kuwa niliwaogopa wakwe zangu. Alichosema yeye, na alikisema zaidi ya mara moja, ni hiki: "Mtoto atasoma na nyumba itajengwa. Ni wewe tu ndio hauna nafasi." Masomo yako hayakumnyima nyumba. Hayakumnyima chochote. Ni mimi, na hakuna mwingine.

Nilidhani uwongo ule utaisha na matanga. Nilikuwa mjinga. Siku ya kuhitimu kwako, umevaa joho, nilikuambia Mama angefurahi, nawe ukasema, "Angalau hakulala kwa mkeka ya watu bure." Ulisema ukitabasamu kwa ajili ya picha. Hapo nilielewa kwamba umeubeba uwongo ule, na nikakaa kimya tena. Picha ile iko ukutani. Ukiitazama vizuri utaona mimi sitazami kamera.

Tangu matanga nakuona. Unakula umesimama. Ukimalizia diploma ulichukua pia watoto wa jirani wa kuwafundisha hesabu, ukawa karani wa kanisa, ukajaza zamu za wenzako hospitalini hadi siku za Krismasi. Nikikuambia keti, unasema utapumzika ukiajiriwa. Barua ya kazi ilipokuja nilingoja uketi. Ukaniambia, "Baba, nikishathibitishwa kazini." Nilijisikia mwenyewe ukisema hivyo, sauti yangu kabisa, na mkasi wangu. Mimi nilikimbia kwa kujiona. Wewe unakimbia kwa kuwa unadhani kuna mtu alilala chini ili wewe usome. Acha. Hakuna unachopaswa kumrudishia. Ulisoma kwa kuwa wazazi wako walitaka usome, basi.

Huenda utakasirika. Kasirika. Ningependa zaidi ukasirike na mimi kuliko uendelee kunihurumia.

Kuhusu mimi, sitakudanganya kwamba nimepona. Nilirudi Kibuye kabla matanga hayajaisha. Wazee waliniambia nikae, nikawaambia shule zinafunguliwa. Niliketi kwenye cherehani na miguu ikaanza kupiga pedeli yenyewe. Sikulia. Sijalia hadi leo, na watu wa kanisani wanadhani ni imani. Ni ganzi, ile ya mguu uliokaliwa, ila haiachii.

Katika siku hizo alikuja Mama Wafula, yule Mluhya anayeuza mboga Mamboleo. Sketi yake ya kwaya ilikuwa rafuni tangu kabla ya msiba, kiuno kimekatwa, basi. Nikafungua mdomo kumwambia kesho.

"Hapana, Fundi," alisema. "Pole yangu nilishakupa. Sasa mimi nataka jibu. Kama hautashona, sema tu, nitavaa ile ya zamani. Lakini usiniambie kesho. Kila kesho yako mimi nafunga kibanda nakuja huku, sukuma inakauka."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nazihesabu siku zangu peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kila kesho niliyoitoa ilikuwa siku ya mtu mwingine, na mboga zake.

"Keti," nilimwambia.

Akaketi kwenye benchi. Nilishona ile sketi mbele yake, yeye akinisimulia habari za mjukuu wake na mchungaji wao, hadi usingizi ukamchukua. Yalikuwa masaa mawili tu. Nilipomaliza nikaipiga pasi, nikamwamsha. Aliivaa juu ya gauni lake, akageuka huku na huku, akalitazama pindo.

"Kwa hivyo ilikuwa masaa mawili," alisema. "Na umenizungusha miezi tatu."

Akaenda zake. Nilibaki na yale maneno. Masaa mawili, siku mbili. Mambo niliyoyakimbia maisha yangu yote hayakuwa makubwa.

Wiki ile niliwapigia wenye vitambaa wote. Wengine niliwarudishia na kuwaomba msamaha kwa shingo. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Sasa napokea kile ninachoweza kushona, na nikisema Alhamisi ni Alhamisi. Jirani yangu anacheka, anasema Fundi ameokoka. Wateja kadhaa wamehamia kwake, anawakatia shingo.

Na kazi yenyewe, Achieng, hilo ndilo ningependa tuongee siku moja uso kwa uso, kwa kuwa sijui kuliandika. Zamani nguo niliyokuwa naishona sikuiona. Niliona ile inayofuata. Sasa iko moja tu mezani, kwa hiyo naiona. Nikishona kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza naacha pindo pana kwa ndani, ili mwakani mama yake aifumue aishushe. Hakuna anayeniambia nifanye hivyo, na mtoto hatajua. Lakini nikikunja pindo lile namfikiria akirefuka, na kwa muda wa pindo moja ganzi inalegea kidogo. Ni hilo tu nililo nalo. Huenda na wewe utakuwa na chupa ndogo ya damu mkononi, saa nane mchana, joto la Lodwar, zimebaki thelathini nyuma yake. Ni ya mtu. Sijui zaidi ya hapo.

Jioni rafu ikiwa tupu nafagia vipande, halafu sijui mikono niipeleke wapi. Basi nakaa tu kwenye benchi la Mama Wafula, miguu nimeinyoosha. Waliozoea kuniona nimeinama huniuliza kama ni mgonjwa.

Pasaka uliniuliza, "Baba, kwani kwa nini haulali kwa nyumba ya Mama?" Nikakuambia paa linavuja. Paa halivuji. Omondi ni fundi mzuri kunishinda. Siku ile ya Ijumaa Mama yako alipoletwa, alilazwa humo usiku kucha, kina mama wakaimba, na mimi niliyepaswa kuwa ndani nilikaa nje kwenye kile kiti cha plastiki. Tangu hapo nikienda nyumbani nalala kwa Omondi, mimi mzee mzima, kwenye kochi. Naweza kuingia mlangoni. Nafika katikati, naliona lile dirisha linatazama barabara, pikipiki zinapita na vumbi lake, na natoka.

Kesho ukipanda basi la Kitale kuelekea Lodwar, mimi nitapanda gari la Usenge. Najua unavyolisikia neno kesho likitoka kinywani mwangu. Kwa hiyo nimekwisha kuandika kwenye mlango wa kibanda, kwa chaki: Nimefunga, njoo wiki ijayo Jumanne. Mwalimu wa kiuno kile nimemkabidhi suruali yake mchana huu. Na begi langu utaliona mlangoni asubuhi kando ya lako. Utadhani nimekuazima la kuongezea. Ni langu, lina blanketi la kulalia katika nyumba ya Mama.

Nimemwuliza Omondi kama kuna ubaya kutoboa dirisha jingine. Anasema wazee hawana neno, na bati la ukuta hukatwa kwa nusu saa. Tatizo ni moja. Mimi nilikuwa kwenye simu siku ile, lakini wewe ulikuwa nyuma yake, umeshika ndara zake. Ulikuwa mdogo, na huenda umesahau. Kama unakumbuka aliposimama akanyoosha mkono, kama aliuelekeza ziwani, au zizini, au kwa yule mjane, nipigie. Hata kama umekasirika, nipigie uniambie hilo moja, kisha ukate simu.

Nitakuwa humo ndani nimesimama na chaki mkononi, nikingoja uniambie ni ukuta gani.

Baba yako,
Odhiambo